Mchezaji ni Mmoja, Seva ni ya Nini? Barua ya Wazi Kutoka Kondele

Kwa wakuu wa kampuni zinazounda na kuuza michezo ya kompyuta ya uhusika na mapigano, popote mlipo.

Nakala kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi.

Mabibi na Mabwana,

MINTARAFU: MICHEZO YA MCHEZAJI MMOJA INAYOKATAA KUFUNGUKA BILA INTANETI

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kondele, mjini Kisumu. Mchana natengeneza mashine za watu. Usiku, watoto wakishalala, nacheza. Aina ya mchezo niipendayo ni ile ambayo mtu huanza akiwa na rungu na shati kuukuu, akashuka chini ya ardhi kupambana na mashetani na mifupa inayotembea, na kila adui anayeanguka akamwachia kitu: pete, kofia ya chuma, pengine upanga ambao hajawahi kuuona. Ninyi mna majina yenu marefu ya kuiita. Katika barua hii nitaiita michezo ya nyara, kwa sababu nyara ndizo zinazomkalisha mtu kitini hadi jogoo wa kwanza, wala si hadithi, na hapo nawaomba radhi waandishi wenu wa hadithi.

Ombi langu ni hili. Mchezo ambao naweza kuuanza, kuucheza na kuumaliza nikiwa peke yangu, bila kumwona wala kumhitaji mchezaji mwingine, haupasi kuomba ruhusa ya seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyo bara jingine kabla ya kufunguka, wala haupasi kukatika seva hiyo inaponyamaza. Nikishalipa, nipewe faili la kusakinisha ambalo naweza kulihifadhi kwenye diski yangu na kulifungua leo, mwakani, au baada ya kampuni yenu kufungwa.

Naelewa kwamba mtu aliye katika ofisi ambayo intaneti haikatiki anaweza kuliona ombi hili kuwa la kizamani, kwa hiyo niwaeleze jinsi jioni inavyokuwa huku kwetu. Katika miezi ya mvua, mawingu hujikusanya alasiri upande wa milima ya Nandi, na ikifika saa kumi na moja radi zimekwisha kuanza. Stima hupotea, mara nyingine kwa dakika kumi, mara nyingine hadi asubuhi. Kompyuta ya mapajani ina betri, kwa hiyo yenyewe haizimiki. Kinachozimika ni kile kisanduku cha intaneti kilichotundikwa ukutani. Basi hali huwa hivi: skrini inawaka, betri ina saa tatu, mchezo wote umo ndani ya diski yangu, mimi nipo, mashetani wapo, na bado naandikiwa kwamba nimepoteza muunganisho na kurudishwa mlangoni.

Kuna jioni moja ambayo sijaisahau. Nilikuwa na mhusika katika ile hali ya kufa mara moja, ambayo ukiuawa hurudishiwi kitu, na nilikuwa nimemlea kwa wiki saba. Stima ikapotea. Katika mchezo unaoishi ndani ya mashine yangu, dunia nzima ingesimama pamoja nami hadi nitakaporudi. Katika mchezo ule, dunia ilikuwa kwenye seva, nayo seva haikujua kwamba Kondele kuna giza. Mhusika wangu alibaki amesimama pale kwa sekunde kadhaa, kama mtu aliyesahau kilichomleta, huku maadui wakimzunguka, naye akauawa. Nilipowaandikia wenye mchezo, nilijibiwa kwa adabu kabisa kwamba wahusika wa namna hiyo hawarejeshwi kwa sababu yoyote ile. Siutaji mchezo wenyewe, kwa kuwa kanuni hiyo wanayo wengi. Jambo lililoniuma ni kwamba katika wiki zote saba sikuwahi kucheza na mtu mwingine hata mara moja.

Wala si radi peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na ya majirani zetu ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Hakuna anayewalaumu kwa wingu wala kwa nanga ya meli. Lakini ninyi ndio mlioketi mkaamua kwamba mchezo wa mtu mmoja ufungwe kwenye nyaya hizo, na mngeweza kuamua vingine.

Nina mpwa wangu anayefundisha shule ya msingi upande wa Khwisero, katika kaunti ya Kakamega. Intaneti yake ni bando anayoinunua kwa simu na kuigawia kompyuta. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Kinachoimaliza ni viraka, yaani masahihisho na nyongeza za mchezo ambazo lazima zipakuliwe. Diablo IV, mchezo wa nyara wa kampuni ya Blizzard, ilipotoka tarehe 6 Juni 2023 iliomba nafasi ya gigabaiti 90 kwenye diski, na tangu hapo mchezo wa namna hiyo hukua kila msimu. Mchezo usiotegemea seva humruhusu mwalimu kusema kwamba kiraka hiki atakichukua mwisho wa mwezi, au atakichukua kwangu Kisumu akija Jumamosi, na kwa sasa aendelee na toleo alilo nalo. Mchezo wa seva hausubiri mshahara: kiraka kikitoka Jumanne, toleo la Jumatatu halifunguki tena.

Kama tatizo hili lingekuwa geni, ningenyamaza na kusubiri wahandisi wenu walitafakari. Lakini lilitatuliwa mwaka 2000. Diablo II, iliyotoka tarehe 29 Juni mwaka huo, ilimpa mchezaji nafasi ya kuchagua. Aliyetaka kucheza peke yake alimhifadhi mhusika kwenye mashine yake mwenyewe, na akitaka angeweza kuunganisha mashine yake na ya jirani wakacheza pamoja bila intaneti yoyote. Aliyetaka biashara ya nyara na heshima ya kushindana na wageni aliingia katika sehemu iliyofungwa ya Battle.net, mtandao wa kampuni hiyo, ambamo wahusika walitunzwa kwenye seva za kampuni. Wahusika wa nyumbani hawakuruhusiwa kuingia huko. Kwa hiyo aliyejipa upanga wa uongo nyumbani kwake alimdanganya nani? Alijidanganya mwenyewe, na pengine alifurahi, na hakuna soko lililoharibika. Zaidi ya hapo, mwaka 2008 wenye mchezo walitoa kiraka kilichoondoa hata ulazima wa kuingiza diski kila unapocheza. Yaani walilegeza kufuli lao wenyewe, miaka minane baada ya kuuza, bila kudai chochote.

Kisha ikafika tarehe 15 Mei 2012. Diablo III, kwa upande wa kompyuta, haikuwa tena na mlango wa kuchezea peke yako nje ya mtandao. Kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza. Na wengi wa hao walionunua walikutana na Hitilafu 37, ujumbe uliowaarifu kwamba seva zina shughuli nyingi na wajaribu baadaye. Watu wazima walichukua likizo kazini ili wakae wakitazama maandishi hayo. Tuliambiwa kwamba mtandao wa lazima ni sehemu ya mchezo wenyewe, kwamba unalinda uchumi wa nyara na kuzuia udanganyifu. Mwezi Septemba 2013 mchezo huohuo ukatolewa kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na huko ukachezwa bila intaneti, na mashetani walikufa vilevile. Nao mnada wa nyara kwa fedha halisi, ambao wengi tuliuona kuwa sababu kubwa ya kuufunga mchezo kwenye seva, ulifungwa tarehe 18 Machi 2014. Kufuli la kompyuta lilibaki, likilinda mlango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Tangu hapo mambo yamezidi. Diablo IV imefungwa kwenye mtandao hata kwa wenye konsoli, zile mashine za michezo kama PlayStation na Xbox. Na Diablo II yenyewe, iliporudishwa kwa sura mpya mwezi Septemba 2021, ilimruhusu mchezaji wa peke yake kukaa nje ya mtandao, ila arudi kuungana na seva kila baada ya siku 30. Ule uwezo wa kuunganisha mashine mbili za majirani ukaondolewa. Watu ninaowajua ambao huripoti mahali kila mwezi ni wale walioachiliwa kwa dhamana.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na mchezo wa mtandaoni kwa kuwa ni wa mtandaoni. Path of Exile, uliotengenezwa New Zealand na kutolewa rasmi mwaka 2013, ni wa bure, umekuwa wa seva tangu siku yake ya kwanza, na hakuna aliyeahidiwa vingine. Huo nausamehe hata unapokwama. Ugomvi wangu ni na mchezo unaouzwa kwa bei kamili, wenye safari ndefu ya mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ambao umefungwa kwa kamba ya seva bila sababu inayomfaidi anayecheza.

Najua mtataja wizi wa nakala, na sitajifanya kwamba haupo. Hapa mjini nimeletewa flashi zaidi ya moja na mteja anayetaka nimsakinishie mchezo ambao hakuulipia, nami hukataa, na wapo ambao wamehamia kwa fundi mwingine kwa sababu hiyo. Lakini tazameni ni nani anayeumia. Aliyechukua nakala iliyovunjwa kufuli hucheza stima ikiwepo na isipokuwepo. Haombwi nenosiri, hangojeshwi foleni, hakumbushwi kuungana na mtandao. Mwalimu wa Khwisero, aliyelipa kwa fedha aliyoitafuta kwa jasho, ndiye anayesimama nje akibisha. Mimi kama fundi nimeshindwa kumweleza mteja kwa nini bidhaa halali ndiyo yenye usumbufu mwingi zaidi.

Na wapo wenzenu waliothubutu. The Witcher 3 ya CD Projekt, iliyotoka tarehe 19 Mei 2015, iliuzwa tangu siku hiyo katika duka la GOG bila kufuli la kidijitali, lile mnaloliita DRM. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zimeuzwa katika majukwaa yote. Sidai kwamba ziliuzwa kwa sababu hazikufungwa, maana nyingi zilipitia maduka mengine na konsoli. Nasema tu kwamba nakala isiyo na kufuli ilikuwa sokoni tangu saa ya kwanza na mchezo haukufa. Grim Dawn ya Crate Entertainment, kampuni ndogo ya Marekani, ilitoka rasmi mwezi Februari 2016, nayo huchezwa bila intaneti na inapatikana GOG bila kufuli. Huo ndio mchezo nilio nao kwenye diski ya nje, na ndio ninaoucheza mvua ikinyesha. Last Epoch, iliyofika toleo lake kamili tarehe 21 Februari 2024, ilitoka ikiwa na milango yote miwili. Siku za kwanza seva zake zililemewa kama zinavyolemewa seva zote. Waliokuwa wamechagua kucheza nje ya mtandao waliendelea na safari yao huku wenzao wakipanga foleni. Sioni mfano bora zaidi wa jambo ninaloliomba: mlango wa pili uliwaokoa wachezaji, na naamini uliiokoa kampuni pia kutokana na sehemu ya lawama.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi kuliko radi, nalo ni kifo cha mchezo. Mwaka 2011 Electronic Arts ilitoa Darkspore, mchezo wa nyara uliotengenezwa na Maxis. Mtu aliweza kuucheza peke yake, lakini ilikuwa lazima awe ameungana na seva. Tarehe 1 Machi 2016 seva zikazimwa. Kuanzia siku hiyo diski halali ya Darkspore, iliyolipiwa na kuhifadhiwa vizuri kabatini, ni sahani ya plastiki. Hata yule aliyekuwa akiucheza akiwa peke yake chumbani amenyang'anywa. Linganisheni na Torchlight II, uliotolewa na Runic Games mwezi Septemba 2012, miezi minne tu baada ya ile Hitilafu 37, kwa bei ya dola 20, ukiwa na uwezo wa kuchezwa nje ya mtandao na kwa kuunganisha mashine za nyumbani. Runic Games ilifungwa mwaka 2017. Mchezo wake bado unafunguka. Linganisheni pia na Hellgate: London wa mwaka 2007: kampuni iliyouunda ilianguka mwaka uliofuata, seva zake zikazimwa mapema mwaka 2009, na sehemu ya mtandaoni ikafa; sehemu ya mchezaji mmoja ikabaki kwa wenye diski. Au Titan Quest wa mwaka 2006, ambao waundaji wake, Iron Lore, walifunga milango mwaka 2008. Mchezo huo ulitengenezwa upya na wengine mwaka 2016, na mwaka 2017 ukaongezewa sehemu mpya kabisa, miaka tisa baada ya waundaji wa kwanza kutawanyika. Haungefika huko kama wachezaji wasingeweza kuendelea kuucheza katika miaka hiyo yote ya katikati ambapo hakukuwa na mtu wa kuuangalia.

Mtasema kwamba seva hugharimu fedha na haziwezi kuwashwa milele. Nakubali kabisa, mimi mwenyewe siwezi kulipia bili ya stima ya mteja aliyenunua kompyuta kwangu mwaka 2009. Ndiyo maana sidai muziwashe milele. Nadai mniuzie kitu ambacho hakizihitaji.

Kuna mtindo mwingine, mdogo kuliko huu lakini wa ukoo mmoja, ambao umeingia hata katika michezo inayosifiwa kwa kutokuwa na kufuli. Mchezo unafunguka bila intaneti, ndiyo, lakini vazi fulani, silaha fulani au farasi fulani hupatikana tu ukiunganisha akaunti. Hata katika Cyberpunk 2077, ambayo kampuni yake, CD Projekt, nimetoka kuisifu hapo juu, baadhi ya mavazi na silaha za ziada hutolewa kwa njia hiyo. Mtaniambia ni vipodozi tu. Lakini katika mchezo wa nyara, nyara ndiyo mchezo, na kipande cha nyara kilicho nyuma ya akaunti ni kipande cha mchezo kilicho nyuma ya akaunti. Jinsi jambo hilo linavyoweza kukua tuliliona mwaka 2021, pale Hitman ya mwaka 2016 ilipowekwa GOG. Si mchezo wa nyara, lakini kisa chake kinahusu: bila intaneti mchezaji hakuweza kufungua silaha na sehemu mpya za kuanzia kazi. Wachezaji walilalamika kwa wingi, na mwezi Oktoba mwaka huo duka likauondoa. Kwa hiyo ninaposema mchezo usio na kufuli, namaanisha mchezo wote, pamoja na nyara zake zote za mchezaji mmoja, ziwe ndani ya faili la kusakinisha au katika mabadiliko yanayopakuliwa kando na kuhifadhiwa. Mashindano, majedwali ya washindi, biashara na wageni: hayo wekeni mtandaoni mpendavyo, sitayagusa.

Hapa naomba nigeukie Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kwa kuwa nakala ya barua hii si ya mapambo.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi kikamilifu kile alichonunua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 zinakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Ukurasa wa duka la michezo una kitufe kilichoandikwa neno moja: nunua. Mtu wa Kisumu anajua kununua maana yake nini. Ukinunua mbuta pale Dunga, mvuvi huachilia mkia. Hakuna mvuvi anayebaki ameushika hadi ukaangani, akikuambia umpigie simu kila jioni ili athibitishe kwamba samaki ni wako. Katika michezo hii mkia haujaachiliwa, na maandishi yanayosema hivyo yamefichwa katika kurasa nyingi za masharti ambazo hata mimi, ninayezisoma kwa sababu ya kazi, huzimaliza nikiwa nimechoka.

Wengine wamekwisha kuchukua hatua. Mwezi Mei 2012, kutokana na malalamiko ya Diablo III, Tume ya Biashara ya Haki ya Korea Kusini ilizikagua ofisi za Blizzard nchini humo, na mwezi uliofuata kampuni ikakubali kuwarejeshea fedha wachezaji wa huko ambao hawakuwa wamevuka ngazi ya 40. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia maneno kama kununua bila kumwambia mteja wazi kwamba anapewa leseni tu; na sheria hiyo haimsumbui muuzaji anayetoa faili la kupakua na kulimiliki moja kwa moja. Barani Ulaya, ombi la wananchi lililotokana na kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa baada ya Ubisoft kuzima seva za mchezo wa magari wa The Crew mwezi Machi 2024, lilivuka saini milioni moja mwezi Julai 2025. Kenya haihitaji kusubiri hadi hayo yote yafike mwisho. Serikali yetu imekwisha kuzifikia kampuni hizi za nje pale ilipotaka ushuru, kwa kuwa sheria inazitaka zitoze VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali zinazouzwa humu nchini. Mkono uliofika huko kuchukua ushuru unaweza kufika huko kumtetea mlipaji.

Ninachoiomba Mamlaka si kikubwa. Iwatake wauzaji waandike kwenye ukurasa wa bei, kwa herufi za ukubwa uleule wa bei, kama mchezo unahitaji intaneti ili mtu aucheze peke yake, kama unahitaji kurudi mtandaoni baada ya siku fulani, na seva zimeahidiwa kuwaka hadi mwaka gani. Iwapo mchezo wa bei kamili utazimwa kabla ya mwaka huo, mnunuzi arejeshewe fedha kwa njia ileile aliyolipia, hata kama ni kwa M-Pesa. Pia ningependa ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nasi ipokee malalamiko ya bidhaa za kidijitali kama inavyopokea ya sukari na saruji, bila karani kuuliza mara tatu mchezo wa kompyuta ni kitu gani.

Nanyi wenye kampuni, msisubiri kulazimishwa. Mchezo mpya wa nyara mnaoupanga sasa upangeni ukiwa na mlango wa nyumbani tangu mchoro wa kwanza, kwa sababu nafahamu kwamba kuuchonga baadaye ni kazi ngumu: mahesabu ya nyara na ya maadui yakiwa yamewekwa kwenye seva, kuyarudisha kwenye mashine ya mchezaji ni kama kuhamisha jiko baada ya nyumba kuezekwa. Wahusika wa nyumbani watengeni kabisa na wa mtandaoni, kama ilivyofanywa mwaka 2000, na hofu yenu ya udanganyifu itakuwa imepata jibu. Kwa michezo ambayo tayari inaishi kwenye seva, tangazeni kwa maandishi kwamba kabla ya seva kuzimwa mtatoa kiraka cha mwisho kitakachoifungua. Na kufuli la kuzuia wizi, kama hamwezi kulala bila hilo, liondoeni baada ya mwaka mmoja au miwili, pale mauzo makubwa yanapokuwa yamepita.

Mimi bado ninaye mhusika wangu wa kwanza wa Diablo II, mlinzi wa imani mwenye ngao ya shaba, niliyemwanzisha mwaka 2003 kwenye mashine ambayo siku hizi imekuwa chuma chakavu. Faili lake lina ukubwa wa kilobaiti chache tu, na limehama kutoka diski hadi diski, kutoka flashi hadi flashi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wiki iliyopita stima ilipotea saa mbili usiku. Nilimfungua kwa betri iliyobaki, nikamkuta amesimama palepale nilipomwacha kambini, na mwanangu wa miaka tisa akavuta kiti akaniuliza huyo ni nani.

Wenu,

Fundi na mchezaji,
Kondele, Kisumu.